Mizizi Niliyoikata Upande wa Nyumba

Somoe mwanangu,

Nimeanza barua hii mara tatu, na karatasi zote tatu nimezitia jikoni. Hii ya nne siichomi hata ikiharibika. Umekwenda kwa mjomba wako Bakari kuaga, najua hawatakuachia mpaka alasiri, basi nina nafasi.

Habari za safari sina. Mama yako mdogo amekwisha kukuchosha na habari za sabuni, na kufunga hela kwenye pindo la khanga, na kutokula ovyo njiani. Mengine utayajua huko huko chuoni, kama wenzako. Mimi nina jambo moja tu. Jambo lenyewe ni ule mkorosho wa uani ulioanguka ukamuua mama yako, ulipokuwa na miaka tisa.

Najua ulipofika hapo umeiweka karatasi chini. Ichukue tena, tafadhali. Hii bahasha nitakupa stendi kesho, na nitakwambia usiifungue mpaka basi lipite Nanganga. Nimepachagua Nanganga kwa kuwa ukishafika huko huwezi tena kushuka ukarudi kunitazama usoni. Ni woga, sikatai. Unakoelekea katika barua hii utaukuta woga wangu kila mahali.

Unajua mimi si mtu wa huku juu. Kwetu ni Chiwata, upande wa Masasi. Nilipomuoa mama yako nilihamia kwao hapa Makote, kama desturi inavyotaka, mwanamume unafuata ukweni. Kiwanja ni chao, miti ni yao, watoto utakaowazaa ni wa ukoo wao. Ule mkorosho aliupanda mjomba wa mama yako, akauacha mikononi mwa mama yako. Ulikuwa mti mzima tayari nilipokuja na begi langu la bwana harusi. Watu wawili tukinyoosha mikono kulizunguka shina lake, vidole havikukutana. Tawi moja lilikuwa juu ya paa la nyumba na jingine juu ya jiko, na mama yako alipika kivulini mwake mchana kutwa.

Taabu yetu ilikuwa maji, kama ilivyo taabu ya Newala nzima. Mama yako alishuka bondeni alfajiri, akarudi jua limeshapanda, ndoo kichwani na wewe mgongoni. Mwanamume ukiona hivyo kila siku, na una nguvu zako, unajiona hufai. Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Bati lililokuwa likitafutwa kama dawa likajaa madukani, wanunuzi wa korosho wakaja na malori yao, na mwaka ule mikorosho ilizaa vizuri. Nikaezua nyasi, nikaezeka bati. Na hapa kwetu ukishakuwa na bati, unachimba kisima cha kukingia mvua. Maji ya paa yanaingia kwenye mfereji, mfereji unamwaga kisimani, mkeo haendi tena bondeni. Majirani walipita wakinitania, "Mmakua huyu kaja kutuonyesha kunywa maji!" Nami nilivimba kichwa, usiseme.

Paa liliinamia upande wa ule mti. Ningeweza kuuzungusha mfereji hadi upande wa pili, kulikokuwa na uwanja mtupu. Niliona ni kazi ya bure. Nikamwambia fundi achimbe pale pale, kati ya nyumba na mkorosho.

Fundi alikuwa kijana wa Nanganga. Alipofika kimo cha kiuno akaniita. "Baba Somoe, hebu njoo. Hii si mizizi, haya ni mapaja ya mtu." Mama yako naye akaja, akasimama ukingoni mikono kiunoni.

"Usikate kabla hujamwuliza kaka," akasema.

"Kaka yako anakaa nyumba hii?"

"Mti ni wa ukoo, Baba Somoe. Mwulize tu. Ni maneno mawili."

Maneno mawili. Mjomba wako anakaa hapo tu, mwendo wa kuvuta sigara moja. Lakini nilikuwa nimeshachoka kuomba. Nikitaka kupanda mhogo niombe, nikitaka kujenga choo niombe. Nikamjibu mbele ya fundi, "Nimechoka kuishi kama mgeni kwenye nyumba niliyoiezeka mwenyewe!" Mama yako aliingia jikoni. Fundi aliniwekea shoka miguuni, akasema, "Kata mwenyewe, mzee. Mti si wangu." Nikakata. Minne minene, na midogo sikuihesabu. Utomvu ulitoka nikaufuta na shati.

Tena sikutosheka. Majani na mabibo yangeanguka juu ya bati na kuchafua maji, kwa hiyo nilipanda nikayakata matawi yote ya upande wa nyumba. Ya upande wa jiko niliyaacha, kwa ajili ya kivuli cha mama yako. Nikashuka, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikaona umependeza kama kichwa kilichonyolewa vizuri. Sasa fikiri na wewe. Upande wa nyumba mti hauna mizizi ya kuushika wala matawi ya kuusawazisha. Uzito wote umelalia jiko. Hata kipofu angepapasa akajua. Mimi nilikuwa na macho mawili na nilikuwa najisifu.

Sasa nije kwenye moto wako.

Ulikuwa wakati wa kufagilia, tunasafisha chini ya mikorosho ili korosho zikianguka zionekane. Niliyekutuma kuchoma majani ni mimi. Nilisema choma, sikusema wapi, na wewe mtoto ukayarundika karibu na shina. Moto ukalamba gome. Nilikuja mbio nikauzima kwa mchanga, nikakuzaba kofi, na kofi lile unalikumbuka kuliko yote. Alama nyeusi ilibaki, upana wa sahani. Sikiliza vizuri, Somoe: niliikwangua kwa kisu jioni ile ile. Chini ya weusi mti ulikuwa mbichi, unatoa maji. Liliungua gome peke yake. Mkorosho mkubwa namna ile haufi kwa moto wa majani, ungepona kwa msimu mmoja. Nililijua hilo siku ile, nililijua siku ya msiba, na nimelijua siku zote hizi.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mchana, na upepo kutoka mashariki. Mama yako alikuwa jikoni anasonga ugali, wewe amekutuma chumvi kwa jirani. Mimi nilikaa kibarazani kusikiliza maji yakiingia kisimani. Nilikuwa nacheka, mwanangu. Nilipaza sauti, "Mama Somoe, unasikia? Bondeni ndiyo basi!" Akanijibu neno, lakini mvua ilikuwa inapiga bati, sikulisikia. Mpaka leo sijui alisema nini. Kisima kikajaa, kikafurika, udongo wote wa pale shinani ukawa uji. Kisha nikasikia mlio, nikadhani ni radi. Ilikuwa ni ile mizizi iliyobaki.

Sitaandika tulichokikuta chini ya mti. Ulirudi na chumvi mkononi, ulikiona.

Nitakuandikia usichokiona. Majirani walipokwenda kuwaita watu wa ukoo, mama yako amelazwa ndani, amefunikwa khanga, mimi nilichukua jembe nikatoka nje. Nilifukia vichwa vya mizizi niliyoikata. Nilivisukumia udongo, nikakanyaga kwa miguu, mvua ikanisaidia kusawazisha. Mke wangu hajaoshwa, na mimi nashindilia udongo. Huyo ndiye baba yako.

Kwetu huku, mume aliye ukweni akisababisha kifo cha mkewe, anasubiri arobaini ipite, anafunga mzigo wake anaondoka. Mtoto anabaki kwao. Nililijua hilo nikiwa na lile jembe mkononi. Mjomba Bakari alipofika alilia kwanza, akalia sana, halafu akautazama mti. "Shemeji," akasema, "mti wa mjomba wetu umesimama tangu mimi sijazaliwa. Leo umeangukaje?" Akalizunguka shina, akaona ule weusi. "Nani kawasha moto hapa?"

Nikasema, "Mtoto."

Sikuongeza neno. Niliwaza hivi, na nakuandikia nilivyowaza, bila kujipamba: wewe ni damu yao, hawawezi kukutupa. Mimi ni mtu wa kuja, wakijua watanitupa na nitakukosa. Nikikutaja wewe, watasamehe, tutabaki wote wawili. Na kweli ikawa hivyo. Mzee mmoja wa ukoo akasema, "Mtoto ni wetu. Nani atamdai mtu damu yake mwenyewe? Yameisha." Wakaitikia wote. Nilishusha pumzi, nikaona nimekuokoa na nimejiokoa. Sikukuangalia ulikokuwa. Ulikuwa umekaa mlangoni na ule mfuko wa chumvi, umesikia kila neno.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina urefu wa miaka kumi na nimeitembea na wewe mkononi. Sijapata kukuona ukiwasha moto tangu siku ile. Unamwita mtoto wa jirani akuwashie jiko, na watu wanadhani ni uvivu wa kike. Mjomba wako alikununulia sare za shule, alikulipia daftari, lakini hajapata kukuwekea mkono kichwani kama anavyofanya kwa wapwa zake wengine. Unakumbuka ile siku tunapukuchua mahindi? Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Uliuliza bila kuinua macho, "Baba, mimi ndiye niliyemuua mama?" Nikakujibu, "Mungu amekusamehe, mwanangu."

Lo! Jibu gani hilo? Mtu mwenye haya angesema hapana. Neno fupi kuliko yote duniani na lilinishinda. Nakujibu leo: hapana. Hukumuua. Hukuudhuru mti hata kidogo. Ni mimi.

Na juzi ulipoulizwa na mwalimu wako kwa nini umechagua uuguzi, ukasema, "Nina la kulipa." Alinieleza akicheka, akiona ni utani wa kisichana. Mimi nilitoka nje nikaenda kukaa chooni mpaka akaondoka.

Watu wananiona sasa fundi wa miti, wananiita Newala mpaka Masasi mjini nikawaangalizie miti yao mizee ya viwanjani. Hujui nilivyoanza. Msimu ule baada ya msiba alikuja bwana shamba wa kutuonyesha habari za ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na kupuliza dawa ya salfa. Alilikuta gogo bado limelala uani, sikuwa na moyo wa kulichoma. Akainama, akafuta udongo kwa kidole, akashika ncha ya mzizi. "Huu umekatwa na shoka, mzee. Haukuungua." Nikamtazama akanitazama. Hakuuliza zaidi, na mimi nilimchukia kwa kutouliza. Nilimfuata misimu miwili nikimbebea vifaa, nikajifunza yote ambayo yangemponya mama yako.

Nilijifunza kwamba mizizi ya mti mkubwa haiko chini sana kama tunavyodhani, inatambaa karibu na juu, na inakwenda mbali kupita hata matawi. Ukichimba msingi karibu na shina umeshaua, ila mti hautakwambia leo. Utaendelea kuchanua, utazaa mwaka huo hata zaidi ya jana, watu watakusifu, kisha siku yake utaanguka. Nilijifunza kutokata upande mmoja. Tawi zito linapunguzwa kidogo kidogo, kwa misimu, na unalikata pale lilipovimba kuungana na shina, huachi kisiki cha kuoza wala huuchuni mti wenyewe gome. Udongo haurundikwi shinani. Moto hauwashwi chini yake. Mti mzee hauhitaji mengi, unahitaji uachwe ulivyosimama.

Unafikiri wananisikiliza? Kuna bwana mmoja wa Masasi, ana mwembe umri wa babu yake, anataka kujenga fremu mbili za duka ubavuni mwake, kila mtu siku hizi anataka duka. Nilimbembeleza nusu siku. Nilimwambia ajenge upande wa barabara. Akasema, "Mzee, wewe umekuja kunipogolea mti au kunihubiria?" Wiki iliyofuata nilipita nikaona wamechimba, mizizi imekatwa imewekwa pembeni kama kuni. Watoto wake walikuwa wakicheza pale pale chini. Nilisimama barabarani nikataka kupiga kelele, nikashindwa, maana angeniuliza nimejuaje. Nimepogoa miti ya watu wengi, na sijui kama hata mmoja umeniondolea chochote. Nilidhani nikiwatunzia wengine nitapumua. Sijapumua. La kuvunda halina ubani.

Sasa la leo. Asubuhi ulipokuwa unafua, niliposema naenda dukani, nilikwenda kwa mjomba wako. Nilimkuta anapanga magunia. Nilimwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Mizizi, shoka, jembe, lile neno langu. Sikuruka kitu. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Alikaa juu ya gunia.

Halafu akasema, "Nilikuwa nikimwangalia mtoto wa dada yangu, nikijilazimisha kumpenda. Miaka kumi. Nikijilazimisha."

Nikasema, "Nisamehe, shemeji."

"Mtoto anaondoka lini?"

"Kesho."

"Basi akiondoka, na wewe kesho kutwa uondoke. Nisikukute."

Ndivyo ilivyo, Somoe, na ana haki. Ukipata likizo usinitafute hapa. Nyumba ni yako, kiwanja ni chako, kisima ni chako, ufunguo atakuwa nao mjomba. Mimi nitarudi Chiwata kama watanipokea, na wakinikataa pia sitashangaa. Sikuombi uje. Sikuombi hata unisamehe, maana najua lile neno "yameisha" linavyoweza kumwumiza mtu. Ninachokuomba ni uwashe moto. Huko chuoni, siku ya kwanza, chukua kiberiti uwashe jiko kwa mkono wako, upike chai unywe. Mikono yako haina kitu.

Mama yako alikupenda kuliko mtu yeyote. Nilikunyang'anya na hilo pia, kwa kuwa ulikuwa unaogopa hata kumtaja. Mtaje. Mwulize mjomba habari zake za utotoni, anazijua nyingi na zinachekesha.

Nasikia lango. Umerudi mapema.

Karatasi niliifunika na gazeti; sasa umekwenda chumbani, naandika haraka. Uliingia na macho mekundu, ukasimama mlangoni. Umesema mjomba amekufuata mpaka njiani, amekushika kichwa kwa mikono yote miwili, akalia kama mtoto mbele za watu, na hakusema neno. Umeniuliza, "Baba, mjomba ana nini leo?"

Nafasi hiyo hapo. Mungu ameileta mpaka mlangoni kwangu, nawe umesimama unanitazama, unangoja.

Nimekujibu, "Anakuaga tu, mwanangu."

Baba yako